Ugali wa Mtu Mmoja

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Simu wekeni chini, mguu toeni juu ya kiti. Mimi si mwalimu. Shule niliiacha darasa la nne, na hilo darasa la nne lenyewe nililisoma nusu, nusu nyingine nilichunga mbuzi. Lakini kuna jambo nililiona kwa macho yangu, na linawahusu ninyi, kwa hiyo nitaliandika kama ninavyoongea na mtasoma mpaka mwisho. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, tusisumbuane katikati.

Nilizaliwa upande wa Homa Bay, karibu na Asumbi, pale ambapo wasichana wa watu huja kutoka mbali kulala na kusoma. Mimi nilikuwa nawapelekea ndizi langoni. Nikaolewa huku Uriri, Migori, na mpaka leo watu wa boma la mume wangu huniita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, maana kwetu mwanamke huitwa kwa alikotoka hata akizeeka akabaki na jino la kuhesabika. Nimezaa, nimelea, nimezika mume. Wanangu walipotawanyika nyumba ikabaki na mimi na kuku. Kuku hawana mazungumzo. Ndipo nikasikia kwamba pale kwenye makao ya watoto wanatafuta mama wa nyumba.

Siku ya kuulizwa maswali walikuja wanawake wenye vyeti vya kila namna. Mimi nilikuja na kitambulisho na mikono yangu. Msimamizi wa makao, mwanamume kijana mwenye miwani na viatu visivyojua tope, akaniuliza, "Mama, ukimkuta mtoto amekasirika na hataki kuongea, utafanya nini?"

"Nitampa osuga achambue."

Osuga ni mnavu wetu, ile mboga chungu. Ina vijiti vingi, inataka vidole na subira.

"Na akikataa?"

"Nitachambua mimi, vibaya, yeye akitazama. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kutazama mwenzake akiharibu mboga akanyamaza."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kazi nikapata.

Makao yetu si bweni. Ni nyumba nne ndani ya ua mmoja, kila nyumba na mama wake na vijana wake. Wadogo hawaletwi kwetu. Kwetu huja wale ambao ndevu na matiti vimeanza kuwapa kiburi. Wengine wamefiwa, wengine wametoka kulala nje ya maduka ya Migori mjini, wengine wana wazazi walio hai lakini hawapatikani. Kila mmoja ana habari yake, na si kazi yangu kuianika hapa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha wale chakula, waoge, waende shule, na wakifika umri wa kuondoka waondoke wakiwa wanaweza kusimama. Hayo ya kula na kuoga ni mepesi. Hilo la kusimama ndilo lenye kesi.

Waliniita Dani, yaani bibi. Sikuwaomba. Siku ya kwanza kijana mmoja alisema, "Huyu ni Dani kabisa, amekuja na mwiko wake," na ikabaki hivyo. Mwiko nilikuja nao kweli. Msimamizi akanikumbusha kwamba katika makao kumpiga mtoto ni marufuku. Nikamwambia mwiko ni wa kusongea ugali, na kwamba sauti yangu inatosha. Ilitosha.

Nyumba yangu ilikuwa na amri. Kitanda kabla ya chai. Hakuna kula umesimama, isipokuwa wewe ni ng'ombe. Nguo ya ndani unafua mwenyewe, hata ukiwa mgonjwa, hata ukiwa kiranja. Na amri kubwa kuliko zote niliipata kwa mama mkwe wangu: mtu hapiki chakula cha kumtosha yeye peke yake. Kwetu ukipika kiasi cha tumbo lako tu, majirani huanza kukutazama kwa jicho la pembeni. Mgeni akiingia utamwambia nini, arudi kesho? Kwa hiyo sufuria yetu ilikuwa ile kubwa ya masikio mawili, ambayo mtoto mdogo angeweza kuogea ndani yake, na mwiko wake ni kama kasia. Ukiinama juu yake jasho linakutoka hata Julai.

Bingwa wa sufuria hiyo alikuwa msichana mmoja aliyeletwa kutoka upande wa Homa Bay akiwa bado ana mikono kama vijiti vya kiberiti. Mimi niliiona ikinenepa kwenye mwiko. Alipofika miaka kumi na saba angeweza kusonga ugali wa nyumba nzima huku akisimulia kituko cha shuleni, asipoteze neno wala asiache donge. Akiupindua kwenye sinia unakaa kama kilima. Huyo ndiye ninayemwandika hapa. Jina lake nitakaa nalo.

Sasa sikilizeni. Msimamizi aliita mama wa nyumba zote akasema, "Watoto wetu wanatoka hapa wakijua kila kitu isipokuwa kukaa peke yao."

Hakukosea. Kuna kijana aliyekwenda kukaa kwa mjomba wake, na kila jioni alikuwa anasimama langoni, mikono nyuma, akingoja kuhesabiwa. Mjomba alidhani anapanga kutoroka. Kumbe alikuwa anangoja mtu aseme, "Upo." Mwingine aliomba ruhusa ya kwenda msalani, kwenye nyumba aliyopanga mwenyewe. Mtoto akilelewa na kengele, kengele inaingia ndani ya mifupa.

Basi makao wakapanga chumba kimoja huko Awendo, mji wa miwa. Kijana aliyekaribia kuondoka atakaa humo muhula mzima, apike, afue, aende kazini, alale, sisi tukimtazama kwa mbali. Wa kwanza kuchaguliwa ni msichana wangu, kwa sababu pale Awendo kulikuwa na gereji ya kuchomelea matrela ya miwa, na fundi mwenye gereji alikuwa tayari kumfundisha kazi, mradi akae karibu. Msichana alikuwa anaipenda kazi ile kama wengine wanavyopenda nyimbo. Alikuwa ameshachomelea lango la makao, na mguu wa kitanda changu, ambao kabla ya hapo ulisimama kwa tofali.

Lakini palikuwa na shangazi. Dada ya baba yake, anauza samaki Homa Bay mjini, na alikuwa amejaliwa mapacha ukubwani. Alikuja ofisini akasema, "Huyu ni damu yetu. Kama hawezi kusimama, arudi nyumbani." Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Alitaka mtoto wa kaka yake, na alitaka mikono miwili ya kubeba mapacha. Na siku hizi makao kama yetu yanaambiwa yasiwaweke watoto milele, wenye jamaa warudi kwa jamaa. Ikakubaliwa hivi: akimaliza muhula vizuri, anabaki Awendo na ufundi wake. Akishindwa, anakwenda Homa Bay.

Jioni ile tulikuwa tunachambua osuga. Akaniambia, "Dani, shangazi nampenda. Lakini nikienda nitalea mapacha mpaka waoe."

"Na kuchomelea?"

"Homa Bay nitachomelea nini, omena?"

Omena ni dagaa wetu wa ziwani. Nikamwambia achambue mboga, asiniletee mdomo. Lakini nilielewa.

Siku ya kumsindikiza walimpa godoro, jiko la makaa, sufuria ndogo mpya, na unga wa mwezi uliopimwa na msimamizi mwenyewe. Niliutazama ule mfuko.

"Hii ni ya mwezi?"

"Kwa mtu mmoja, Mama."

"Huyo mtu mmoja ni mgonjwa?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nikaingia jikoni nikatoka na sufuria yangu ya kati, nikamwekea juu ya godoro. Huwezi kumtoa msichana nyumbani na kisufuria kama kikombe, utafikiri anakwenda kulisha njiwa.

Haikupita wiki mbili, simu ikalia.

"Dani, unga umeisha."

"Umeibiwa?"

"Hapana. Umeliwa."

"Na nani?"

"Na watu."

Nikafunga leso nikaenda Awendo. Ukikaribia mji ule pua inakuambia kabla ya macho, harufu ya miwa inayochemka, tamu mpaka inachosha. Nilifika jua likielekea kushuka. Alikokaa ni ploti ya vyumba vilivyotazamana, bomba moja, kamba moja ya nguo, na paka wa kila mtu. Nikakuta watu wamejipanga mbele ya mlango mmoja, kila mtu na sahani. Mbele alikuwa mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchemsha, mtoto mgongoni. Nyuma yake utingo wa lori la miwa, kijana mwenye mikwaruzo mikononi. Nyuma yake soja, mzee anayelinda duka la vifaa vya ujenzi, ameshavaa koti lake la kazi. Na kutoka ndani nikasikia sauti inasema, "Mstari unyooke! Anayesukuma atakula mwisho!"

Ilikuwa sauti yangu. Mdomo ulikuwa wa msichana, lakini sauti ilikuwa yangu kabisa.

Nikasogea nichungulie. Yule soja akanigusa bega. "Mama, mstari uko huku nyuma."

"Mimi ni bibi yake."

"Hata mimi leo asubuhi nilikuwa mjomba wake. Mstari uko nyuma."

Nikapanga mstari. Ningefanya nini? Amri ni yangu. Nilipofika mlangoni msichana alikuwa ameinamisha kichwa, anakata ugali. Akainua macho, mwiko ukamponyoka.

"Dani! Aki Dani!"

"Endelea kugawa. Tutaongea watu wakishiba."

Walipotawanyika nilikaa juu ya ndoo nikamuuliza hii ni sarakasi gani. Akajieleza bila kulia, maana hakuwa wa kulia. "Najaribu kupika kidogo, Dani. Mkono unakataa. Nikiweka maji ya mtu mmoja, ni kama sijaweka maji. Nikianza kumwaga unga, mkono unaenda wenyewe. Nikigeuka, ugali ni mlima. Na wewe ulisema chakula hakitupwi, na mtu hapiki ya peke yake."

"Nilisema hivyo mkiwa nyumba nzima."

"Hukusema amri inaisha wapi."

Hapo alinipata. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikachukua kile kisufuria kipya kilichokuwa kimening'inizwa hakijaguswa, nikamwambia, "Tazama. Ugali wa mtu mmoja unapikwa hivi."

Wa kwanza ulikuwa uji. Nikaongeza unga, ukawa jiwe. Utingo alipita na ndoo ya maji akachungulia. "Mama, hiyo ni ya kuzuia gurudumu la lori mlimani?"

"Pita na maji yako!"

Nikajaribu tena, kwa unga wa kuazima kwa mama wa mahindi, na safari hii ukatoka mzuri, laini, wa kusifiwa. Ulikuwa wa watu watano. Msichana alikuwa ameshika mlango, anacheka mpaka anakohoa. "Dani, kwani na wewe ulilelewa kwenye makao?"

Nilifikiri usiku kucha? Hapana, nililala. Lakini asubuhi nilijiuliza ni lini katika maisha yangu nimewahi kupika ugali wa mtu mmoja, na sikupata siku hata moja. Nilitoka kwa mama yangu nikaingia kwa mama mkwe, nikatoka kwa mama mkwe nikaingia kwa watoto. Hata kuku wangu nilikuwa nawapikia mabaki ya makusudi.

Kucheka hakurudishi unga. Msimamizi alikwenda kuona mwenyewe, akarudi akaniita. Hakunifokea. Alisema polepole, "Mama, amemaliza unga wa mwezi kabla ya mwezi kufika nusu. Hapo nje hakuna ofisi ya kumletea mwingine. Ndiyo maana ya jaribio, ili ajue sasa na si baadaye akiwa na njaa." Alisema kweli. Akampa mfuko wa pili, saizi ile ile, na neno moja: huu ukiisha kabla ya wakati wake, tunampigia shangazi. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Na wewe, Mama, usimpelekee unga."

Alinijua. Nikatii. Nilipeleka mboga. Mboga si unga.

Basi msichana akafunga mlango. Alijifungia na kile kisufuria na akajifunza kwa nguvu, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Siku moja uji, siku moja jiwe, siku moja ukakubali. Nilimpigia simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba. Nimekula nikiangalia ukuta, Dani."

Sauti yake ilikuwa kama nguo iliyoloweshwa haijakamuliwa. Nje, aliniambia, watu wakisikia anakwangua sufuria wanapita wakiangalia chini, yeye naye ndani anaona haya kutafuna. Mama wa mahindi alikuwa anamsalimu kwa neno moja badala ya matatu. Na fundi wa gereji akamwambia ameanza kutoboa vyuma badala ya kuviunganisha, kama hawezi kutuliza mkono apumzike kwanza. Unga sasa ulikuwa unatosha. Mtoto ndiye aliyekuwa anapungua. Shangazi alikuwa anakaribia kushinda bila hata kutoka Homa Bay.

Mimi sikuwa na dawa. Nawaambia kweli, sikuwa nayo. Nilikuwa nashika simu, na mtu akishika simu lazima aseme kitu, basi nikamsimulia jinsi wazee walivyokula nyumbani kwa baba yangu. Pale bomani kila mwanamke alipika katika nyumba yake, kidogo tu, halafu akapeleka bakuli lake kwenye kibanda cha mzee, duol, na wanaume wakala pamoja, huyu akionja cha huyu. Hakuna mwanamke aliyepikia boma zima, na hakuna mwanamume aliyekula peke yake. Siku mwanamke mmoja akiugua, bakuli lake linakosekana na hakuna anayelala njaa. "Isipokuwa paka," nikasema. "Paka alikuwa analala njaa kila siku, na alinenepa vile vile."

Msichana akasema, "Dani, salio linaisha," akakata.

Nikajua nimemchosha. Nikaweka simu chini, nikaenda kugombana na watu walioacha kitanda hakijatandikwa.

Baada ya hapo simu zake zikawa fupi. "Niko sawa, Dani." "Nakimbia kazini, Dani." Muhula ukayoyoma. Siku ya mwisho msimamizi akasema tutakwenda bila kumwarifu, yeye, mimi, na shangazi, ambaye alikuja kutoka Homa Bay akiwa na samaki wa kukaanga kwenye karatasi na leso kubwa mpya iliyokunjwa.

"Leso ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kufungia vitu vyake, Nyar Asumbi. Nimejitayarisha."

Moyo wangu haukupenda leso ile.

Tulifika saa ya watu kupika. Kila mahali moshi wa makaa. Msichana alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake na ovaroli ya gereji, anakaza waya kwenye kandambili iliyokatika. Alipotuona alisimama mikono nyuma, kwa namna ile ile ya kungoja kuhesabiwa. Jiko lake lilikuwa limelala. Msimamizi aliinama akaligusa. Baridi. Sufuria zote mbili zilikuwa zimepinduliwa, kavu, zinang'aa. Akafunua ndoo ya unga. Unga wa mwezi ule ulikuwa umebaki, tena mwingi.

Akasimama akavuta pumzi. "Hapiki," akaniambia taratibu. "Mama, huyu mtoto ameacha kupika."

Shangazi hakuongea taratibu. "Ati unga upo naye hali chakula? Umekula nini leo, nyathina?"

Nyathina ni mwanangu. Alisema kwa uchungu, sikumlaumu.

"Bado sijala, shangazi."

"Utakula saa ngapi na jiko limekufa?"

"Leo si zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

Kabla hajajibu, mlango wa mwisho ukafunguka, na yule soja, amejifunga taulo juu ya suruali ya kazi, akapaza sauti kama yuko kwenye gwaride. "Chakulaaa!"

Milango ikafunguka. Safari hii hakuna mstari. Kila mtu alitoka na kigoda chake na sahani yake wakaenda wakakaa mduara mbele ya soja, mama wa mahindi na mwanawe, utingo na mikwaruzo yake. Ugali wa soja ulikuwa mgumu kama kazi yake, lakini omena walikuwa wameiva vizuri na nyanya.

"Ni duol, Dani," msichana akaniambia, haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Kila mtu na siku yake na unga wake. Leo soja, kesho mama wa mahindi, halafu utingo, halafu mimi. Mama ni Msabato, zamu yake ikiangukia Jumamosi tunabadilishana. Siku yangu napika ya watu wote, mkono unafurahi. Siku nyingine nakula tu."

"Siku yangu msije," utingo akasema. "Bado nafundishwa. Ananifokea kama mimi ni trela."

"Umeharibu mara ngapi?" mama wa mahindi akamuuliza.

"Tusiongee mambo ya familia mbele ya wageni."

Msimamizi alisimama katikati ya ua, vidole vinahesabu vyenyewe, unga gawanya kwa watu, watu gawanya kwa siku. Hesabu ilipomkubali akatafuta mahali pa kukaa. Soja akatutazama sote watatu kisha akatazama sufuria yake. "Mgeni mmoja nilimpikia, ndiyo desturi. Watatu ni uvamizi."

Msichana akainuka. Akawasha jiko, na wakati sisi tukisalimiana na kuuliza habari za mapacha, yeye akachukua kile kisufuria kipya. Nilimtazama kwa makini sana. Maji kidogo. Unga kidogo. Mkono haukwenda wenyewe, ulikwenda alipouambia. Akaupindua kwenye sahani, ugali wa watu watatu, umekaa kama kifaranga. Niliula nikitafuta kosa. Sikulipata, na nilitafuta.

Shangazi alikula, akafungua karatasi ya samaki akawaweka katikati, akalamba vidole. Kisha akauliza swali lake, na nikajua ndilo lililomtoa Homa Bay. "Na siku ukiugua? Uko hapa, huna mama, huna dada. Nani atajua?"

Mama wa mahindi ndiye aliyejibu, akimfuta mtoto pua. "Dada, kigoda chake kikikosekana jioni tutajua jioni hiyo hiyo. Wiki iliyopita soja alikosekana, tukamkuta na homa, huyu msichana akaenda kulinda mlango wa duka mpaka mwenye duka akaja."

"Na rungu langu," soja akasema. "Hakulirudisha vizuri. Amelichomelea kishikio cha chuma."

Shangazi akacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima. Akaichukua ile leso kubwa mpya, akaikunjua. Akamfunga nayo msichana kiunoni, juu ya ovaroli.

"Ya kupikia," akasema. "Lakini Disemba unakuja nyumbani, mapacha wakujue uso."

"Nitakuja, shangazi. Nitawachomelea kitanda."

"Chenye kizuizi. Wanaanguka."

Njiani kurudi msimamizi akaniuliza, "Ripoti nitaandikaje, Mama? Kwamba hapiki kila siku?"

"Andika anakula kila siku."

Nilipoingia nyumbani kwangu vijana walikuwa wananingoja, wote wamejazana jikoni wakitaka habari. "Dani, amepita? Dani, amebaki?" Nikawaambia amebaki, wakapiga makelele mpaka mama wa nyumba ya pili akatoka na tochi. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, maji yanachemka, wawili wa zamu wameshika mwiko kama kasia. Niliitazama ile sufuria. Nimeipenda miaka mingi. Nikawaambia leo msonge, mle, kesho muioshe muitundike, na ishuke siku ya sikukuu tu. Wakaguna. Nikawanyamazisha.

"Kuanzia kesho kila mtu humu ndani, mvulana na msichana, atashika kisufuria na kusonga ugali wa watu wawili, wake na wa mgeni, na huyo mgeni amtafute mwenyewe."